Kundi la Mashine na Msiba wa Bukundi

Shule niliachia darasa la nne nikaenda kuchunga. Leo nina mashine za kusaga Bariadi, Lamadi na Bukundi, na hakuna mtu aliyenibeba. Wenye digrii wa hapa mjini wanaendesha vikao. Mimi naendesha kundi la WhatsApp. Kuandika kunanichosha, kwa hiyo nikaweka sheria yangu: asubuhi kila mwendeshaji anasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, kisha anasogeza simu kwenye mashine na kurekodi mlio wake. Mimi nakunywa chai nasikiliza. Mkanda ukilegea, najua. Chekeche likitoboka, najua. Fundi wa kunidanganya bado hajazaliwa.

Mchana mmoja, mama anayeniendeshea mashine ya Bukundi akatuma sauti. Baba mkwe wake alikuwa amefariki alfajiri. Wageni wamejaa nyumbani, mahindi yapo, lakini alipowasha mashine asage unga wa msiba, ikaanza kupiga kelele za ajabu. Akasogeza simu tusikie. Nyuma yake nikamsikia mama mkwe: "Watu watatucheka! Mkamwana ana mashine, halafu msiba wake unalala njaa!"

Kelele zile nilizitambua hata hazijaisha. Ngo, ngo, ngo, kama mtu anagonga debe kwa ndani. Nyundo moja ya kusagia, kile chuma kinachozunguka ndani na kuponda mahindi, ilikuwa imekatika, zilizobaki zinayumba. Nikarekodi haraka: "Zima, usiwashe tena!"

Nani asikie? Pole zilikuwa zimeshaanza, na huku kwetu pole si neno moja. Unauliza mzee aliumwa nini, nani alikuwa naye, bibi amebaki na nani, ndipo unamalizia. Mwendeshaji wa Lamadi akaomba dua ndefu. Mke wangu, ambaye yumo kundini kwa sababu anazozijua mwenyewe, akalia mpaka sauti ikakatika. Na yule mama, kwa adabu zake, akawa anamjibu kila mmoja, maana pole haiachwi bila jibu. Sauti yangu ikazama humo katikati. Nikampigia, simu inatumika. Kumbe wengine wanampa pole kwa kupiga.

Nikarekodi tena, kwa ukali: "Ndugu zangu, msiba tumeusikia. Sasa kimya! Pole hailiwi." Nikalifunga kundi, atume kiongozi tu, yaani mimi. Nikamwambia yule mama anijibu upesi nyundo iliyokatika iko upande gani.

Kimya. Nikasubiri, nikaanza kufoka peke yangu. Mara simu ikaita, ni yule wa Lamadi.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Sema haraka."

"Na mfiwa umemfungia."

"Nimemfungia wapi?"

"Kundini, bosi. Atakujibu kwa njia gani?"

"Najua," nikamwambia. "Nilikuwa nawapima."

"Haya. Basi mpe na yeye uongozi kabla hujamaliza kutupima."

Nikampa. Sauti yake ikaingia hapo hapo, inahema: "Bosi, nimeiona, ila nyundo ya akiba sina."

"Nani kakwambia unahitaji? Mashine umezima? Haya, toa kabisa hiyo iliyokatika, halafu toa na inayotazamana nayo."

"Nitoe na nzima?"

"Na nzima! Zikilingana haitayumba. Itasaga polepole, lakini itasaga."

Akaenda kuzitoa. Mimi, mtu niliyejifunza mashine kwa kuungua vidole, nilisimama uani nimeshika simu kwa mikono miwili. Nikikosea, unga haupo, na yule mama atasemwa ukweni maisha yake yote.

Kisha sauti ikaja. Mlio mzito, uliotulia, hauna hata ngo moja. Na juu yake mama mkwe anapiga kelele: "Mkamwana, lete beseni lingine, hili limejaa!"

Sauti hiyo nikamsikilizisha mke wangu mara tatu. Akasema amesikia, inatosha.

Kundi nikalisahau limefungwa hivyo hivyo. Jioni akalifungua mwenyewe yule mama, si nilimpa uongozi. Akarekodi taratibu: "Wageni wamekula, wameshiba. Mzee tunamzika kesho." Kutwa nzima alikuwa hajapata nafasi ya kulia. "Sasa nipeni pole."

Nilibonyeza kurekodi, wa kwanza. Niliongea muda mrefu sana, na hakuna aliyenikatiza.