Siku Niliyokuwa Sina Mikono

Niliondoka Mpanda bila kumuaga mtu. Ndivyo nilivyokuwa nikiondoka kila mahali: Mwanza kwenye kiwanda cha samaki, Urambo kwenye tumbaku, Tabora kwenye jiko la shule ya bweni nilikopika kwa miaka minne. Nafunga begi, naacha ufunguo juu ya dirisha, nakwenda. Safari hiyo nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Tabora tulibadilisha treni, na sikutoka stesheni, ingawa kwetu ni mwendo wa baiskeli tu kutoka pale. Nilikaa juu ya begi langu nikisikia watu wakisalimiana kwa Kinyamwezi, nikajifanya msafiri wa mbali. Kabla ya Manyoni kichwa cha treni kiliharibika, tukalala porini, abiria wakachemsha chai kando ya reli.

Tiketi yangu ilikuwa ya Dar es Salaam. Lakini asubuhi ya siku ya tatu treni ilisimama Morogoro, nikashuka kunawa uso, nikainua macho. Milima ya Uluguru ilikuwa imekaa juu ya mji, nusu yake ndani ya wingu. Nikarudi ndani kuchukua begi. Treni ikaondoka bila mimi.

Nilipanga chumba Bigwa, chini kabisa ya mlima, na kazi nikaipata Kihonda kwenye mabanda ya kuku ya mtu binafsi. Huko ndiko nilikokutana na mwanamke ninayemwita Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, na wakati huo anasomea shahada ya juu zaidi. Alikuja kutazama vifaranga wakichanjwa, akaniona namna nilivyowashika.

"Kaka, umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Biolojia ulipata nini?"

"D."

"D ni pasi. Njoo ufanye kazi na mimi."

Utafiti wake ulihusu ugonjwa mmoja wa kuku. Kuku huanza kuchechemea, halafu hulala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma kama mtu aliyeteleza kwenye matope. Ukimpasua unakuta uvimbe kwenye ini na kwenye bandama. Kirusi chake husafiri na vumbi la manyoya. Kuku wa Kihonda huchanjwa siku wanayoanguliwa, lakini kuku wa kienyeji wa milimani hakuna anayewachanja, na wengine huugua huku ndugu zao wa tumbo moja wakidunda uani. Daktari alitaka kujua ndani ya seli zao kuna tofauti gani. Alitaka kusoma RNA zao ndogo.

Siku ya kwanza kwenye maabara ya chuo chake nilimuuliza hizo ni nini. Akaniambia kila seli ya kuku, iwe ya jicho au ya ini, ina kitabu kilekile cha maelekezo.

"Sasa kwa nini jicho halioti manyoya?" nikauliza.

Akacheka, akavuta kiti. Kitabu ni kimoja, alisema, lakini kila seli hunakili kurasa zake. Nakala hizo ni RNA, na seli huzisoma ili ijenge kitu. Katikati yake kuna RNA nyingine, fupi mno, za herufi ishirini na mbili hivi. Hizo hazijengi chochote. Kazi yao ni kunasa nakala fulani na kuizuia isisomwe. Kwa kuzuia huku na kuachia kule, ndizo zinazosaidia seli changa kuwa seli ya ini au ya msuli, na zinazosaidia kuamua lini igawanyike na lini itulie.

Nilifikiria kidogo. "Tabora tulikuwa na karani," nikasema. "Mfupi. Alikaa kati ya ofisi ya mkuu wa shule na jiko. Hapiki, haamuru. Lakini karatasi asiyoipitisha haipikwi. Mkuu anaandika 'ongezeni maharage', karani anaikalia, sisi tunapika kama jana."

"Enhe. Sasa mkuu akiandika 'zimeni moto', karani akaichana?"

"Tutapika mpaka jiko liungue."

"Huo ndio uvimbe," akasema. "Na kirusi hiki kinakuja na karani wake mwenyewe, kavaa sare inayofanana na ya karani wa kuku. Seli ya kinga haimtambui mgeni. Anakaa mlangoni anachana kila karatasi inayosema acha kukua."

Tangu siku hiyo maabara nzima tukaziita makarani.

Daktari alikuwa mjamzito wa miezi saba, na njia ya kupanda Kinole, kijiji cha mlimani tulikotaka kuwapata kuku hao, si ya mwanamke wa miezi saba. Akanifundisha mimi. Kwa wiki tatu nilipasua kuku wa mabanda ya Kihonda mpaka nikawa naikuta bandama nimefumba macho. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, haraka: kuku akishakufa, nyama yake huanza kujila yenyewe, na RNA ndiyo ya kwanza kuliwa, kwa hiyo kata kipande, kitie kwenye kichupa, zamisha kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya kuunguza. Ya pili, mikono: jasho la binadamu lina kitu kinachokata RNA vipande vipande. Glavu hazivuliwi.

"Dawa za kupimia zinatosha mara mbili tu," aliniambia. "Na muda wangu wa masomo unaisha. Ikishindikana, nitarudi kuchanja vifaranga bila shahada. Sina namna nyingine."

Nilipanda na bodaboda, mtungi mgongoni. Mwenye kuku alikuwa mama mmoja mjane, mwenye mji wake kama walivyo wanawake wengi wa Kiluguru: ardhi ya ukoo wa mama yake, migomba yake, kuku wake. Kaka yake, ambaye wote walimwita Mjomba, ndiye aliyekubali kwa niaba ya ukoo kwamba kuku wawili ndugu, mmoja mgonjwa na mmoja mzima, wauawe. Mama alipojua mimi ni Mnyamwezi alipiga makofi, maana Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi.

"Mnyamwezi! Na mzigo mgongoni vilevile! Nyie hamjaambiwa pembe za ndovu zimeisha?"

"Tumeambiwa, mama. Sasa tunabeba bandama."

Mjomba akamchinja kuku mzima, akataja jina la Mungu, ili nikishachukua vipande vyangu nyama iende chunguni. Mgonjwa nilimmaliza mwenyewe. Nikavaa glavu, nikaanza. Hapo ndipo watu walipoanza kuja.

Habari ya mgeni huko haihitaji simu. Alikuja mzee wa kwanza, akanyoosha mkono. Glavu tunazifahamu kwa waosha maiti. Ningempaje mzee mkono wa mpira? Nikavua, nikasema shikamoo, nikampa mkono, akanishika akaniuliza habari za Bigwa, za kazi, za mvua. Nikavaa tena. Akaja bibi. Nikavua. Wakaja wawili kwa pamoja. Vipande vilikaa kwenye sahani vikinisubiri, inzi wakivizunguka, na mimi nikawa nasalimia watu kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu. Niliteremka jioni nikiona nimefanya kazi vizuri.

Siku chache baadaye Daktari aliniita mbele ya kompyuta. "RNA nzuri huchora vilima viwili," alisema. "Tazama yetu."

Palikuwa na tambarare yenye mikwaruzo.

"Ulifanya kama nilivyokuelekeza?"

"Ndiyo."

Alikaa akijishika kiuno, mguu umevimba ndani ya kandambili. Nikatoka nje, nikafika mpaka getini. Nilishaifahamu hali ile: begi, ufunguo, dirisha. Jioni kuna basi la Iringa. Nilisimama pale muda mrefu, mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikageuka nikarudi ndani.

"Nilivua glavu," nikamwambia. "Kila mzee aliyekuja, nilivua. Na vipande vilikaa."

Alinitazama, nikadhani atanifukuza. "Wangapi?"

"Kama kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja!" Akaanza kucheka, akashika tumbo, machozi yakamtoka, na sikujua ni machozi ya kicheko peke yake au la. "Kaka, hata mimi ningevua. Nilikufundisha kupasua, sikukufundisha kusalimia."

"Nipe mara ya pili. Narudi na vilima vyako."

Safari ya pili nilipanda siku moja kabla. Sikugusa kuku. Nilizunguka nyumba zote za upande ule wa bonde, nikatoa mkono kwa kila mtu, nikakaa kwenye kila mkeka, nikala viazi vikuu mpaka nikahema. Jioni nikamweleza Mama yaliyotokea. Mwanzoni alikasirika.

"Kwa hiyo mikono yetu ndiyo imeharibu?"

"Mkono wangu, mama. Jasho langu. Hata mkono wa daktari mwenyewe ungeharibu."

"Na huyo daktari wako akikosa?"

"Masomo yake yote yanakwisha. Naye anakaribia kujifungua."

Alimaliza kukuna nazi. Kisha akasema, "Alipopanda hapa kabla ya huo ujauzito, alinishauri kuhusu kuku wangu vizuri kuliko mganga. Aliniambia nisiwachanganye vifaranga na wakubwa mpaka wakue. Kesho utakuwa huna mikono. Niachie mimi."

Asubuhi alisimama kwenye njia inayoingia uani kwake, khanga kaifunga kifuani, akapaza sauti bondeni: "Mgeni wangu leo hana mikono! Atakayemsalimia amsalimie kwa mdomo!" Watu wakaja kutazama mtu asiye na mikono. Wakakaa mbali, wakasema salamu zao, nami nikaitikia macho yakiwa kwenye kisu. Nikamaliza na kuku mgonjwa. Mjomba akachinja mzima. Nilikuwa nimeshafungua tumbo, bandama iko kwenye kibano, niliposikia fimbo ikigonga mawe.

Alikuwa mzee wa ng'ambo ya pili ya bonde, haoni vizuri, jana sikumfikia. Watu wakampisha. Alinijia moja kwa moja, akanyoosha mkono mbele ya kifua changu.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba." Mkono ukabaki hewani.

Mwili wangu wote ulitaka kuweka kibano chini. Mama yangu mzazi angeniona pale angejificha uso. Nikauma meno, nikatia bandama kwenye kichupa, nikakifunga, nikakizamisha, moshi mweupe ukapanda. Nilipoinua macho mkono wa mzee ulikuwa bado pale, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. Hapo Mama akapita ubavuni mwangu, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Mkono wake huu hapa, babu. Ameniazima mimi."

Mzee akaupapasa. "Mnyamwezi mzima," akasema taratibu, "mbeba pembe, ana kiganja laini namna hii?"

"Siku hizi wanabeba bandama tu!" Mama akajibu, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Nilikata ini huku mabega yakinitikisika. Sikuvua glavu.

Vilima vilikuwa viwili. Daktari alinipigia simu kunieleza, akapiga kelele hata mumewe akaja mbio akidhani uchungu umeanza. Wiki kadhaa baadaye majibu kamili yakaja: ndani ya uvimbe wa kuku mgonjwa, karani wa kirusi alikuwa amejaa kila mlango, kwa nduguye mzima hakuonekana. Daktari alinionya nisishangilie sana. Kuku wawili ni kuku wawili. Kujua nani anachana karatasi si sawa na kumtoa mlangoni, na bado kuku wataugua milimani. Lakini kazi yake ilikamilika, akaiwasilisha, na mtoto akazaliwa wa kike, ana sauti ya kuku mtetea.

Kazi ilipoisha miguu ilianza kuniwasha kama kawaida yake. Safari hii nilitaka kwenda Tabora, na kutoka nje ya stesheni. Daktari nilimuaga chuoni. Alinipa mtoto nimshike, kiganja chake kizima hakikutosha kuzunguka kidole changu. Kisha nikapanda Kinole mara ya mwisho.

Mama alikuwa anaanika maharage. "Leo umekuja nayo?"

"Yote miwili."

"Basi usikae. Nenda kasalimie."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikampa kila mtu mkono, nikamwambia naondoka na sirudi. Wengine walinibishia. Mjomba alinipa ndizi ambazo hata wapagazi wa zamani wangezikataa. Ng'ambo ya pili nilifika jua likiwa utosini. Mzee alikuwa amekaa kizingitini, akanitambua kwa sauti.

"Sasa lete wa kwako," akasema.

Nikampa. Akaushika, akapita kidole kwenye sugu za Mwanza na za Urambo, akakunja uso.

"Huu mgumu," akasema. "Ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi."

Hakuuachia. Akaniuliza habari za Tabora, za wazazi, za mvua ya huko, na nilikaa mpaka nilipomaliza kumjibu yote. Kisha nikateremka na ndizi zangu mabegani kwenda kulikamata gari la stesheni.