Shani Anagombana na Mwezi

"Mwezi unanionea!" Shani alikuwa anapiga kelele katikati ya soko la Manyamanyama, hapa Bunda, mikono kiunoni, meza yake tupu kama sahani iliyolambwa. "Nikianza tu kupata wateja, unatoka, unanikausha!"

"Unakuonea wewe peke yako?" Naomi akamjibu bila kuinua kichwa kwenye gunia lake. "Mwezi una kazi nyingi, mama Ikhlas. Hauna muda wa kukutafuta wewe."

Tukacheka. Shani akawaka zaidi.

Shani anauza dagaa. Dagaa wa ziwani wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa haina maana, mitumbwi ya Musoma inalala nchi kavu, na dagaa waliobaki wanapanda bei mpaka huwagusi. Hilo hata mtoto wa Bunda analijua. Shani naye alilijua, akaishi kama halijui. Wakati wa giza anaenda Musoma, anajaza viroba, anarudi kuuza vyote haraka haraka kwa bei ya kutupa, maana kila meza ina dagaa. Mwezi ukitoka hana kitu, anakaa anakula mtaji. Mitumbwi ikirudi majini, anaanza upya kwa kukopa. Mimi nauza nyanya meza ya pili kutoka kwake. Wimbo huo naujua wote.

Ila siku hiyo mambo yalikuwa mazito. Mzee Wambura, mwenyekiti wa soko, alikuwa ametoka kumwambia wazi: meza ikikaa tupu tena mbalamwezi ijayo, anampa mtu mwingine. Na meza hiyo ndiyo inayomlisha yeye na binti yake Ikhlas tangu mume alipokwenda machimboni akasahau njia ya kurudi.

"Hebu niambie," Naomi akasema. Yeye ni Mkatoliki wa Mwitongo, kule Butiama, analetaga udaga hapa siku za soko, ile mihogo mikavu ya ugali, na mdomo wake hauna breki. "Ninyi mnafunga kwa mwezi, mnafungua kwa mwezi, Idi yenu mnaitafuta angani mmekodoa macho. Leo tarehe ngapi ya Kiislamu?"

"Kumi na mbili," Shani akajibu palepale.

"Na mwezi unajaa lini?"

"Kumi na nne..." Sauti ikamwishia njiani.

"Halafu unasema unakushtukizaga!"

Naomi akajaza debe la udaga, akalisukuma mbele yake. "Kuleni huu. Hela iliyobaki usiiguse, ndiyo ya kwendea Musoma. Utanilipa makopo matano ya dagaa. Wakavu, siyo wa kunitafunisha mchanga."

Watu wakisikia mipango ya biashara wanadhani ni mpaka semina, chai na maandazi. Mpango wa Shani ulikuwa vitambaa vyekundu. Mbalamwezi ilipoisha na usiku wa giza ukaanza, alienda Musoma, akarudi na viroba, akawaanika tena dagaa nyuma ya nyumba japo muuzaji alikuwa ameapa kwamba wamekauka. Vingine akaviweka mezani viuzwe. Viwili akavifunga kwa kitambaa chekundu cha kanga kuukuu, akaviweka juu ya matofali pembeni ya meza visinyonye unyevu: hivi havifunguliwi mpaka mwezi ukaribie kujaa.

Kufunga ni rahisi. Akaja Gody, mnunuzi wa jumla, na gari lake, hela mkononi.

"Dada, nipe vyote."

"Chukua hivi vya mezani."

"Na vile vyekundu?"

Nikaona mkono wa Shani unaenda kwenye fundo. Ukakaa pale. Mimi nikaacha hata kupanga nyanya.

"Vile vina tarehe yake," akasema, akauondoa mkono.

"Dagaa wana tarehe? Wanafanya mtihani?"

"Wanafanya. Nenda, kaka."

Gody akaondoka anatikisa kichwa, akanunua dagaa wa meza ya jirani.

Mwezi ukatoka. Meza za dagaa zikabaki mbao tupu, moja baada ya nyingine, ila ya Shani. Akafungua kitambaa cha kwanza, wateja wakajaa. Mzee Wambura naye akaja na mfuko wake.

"Mama Ikhlas, mpunguzie mwenyekiti wako."

"Panga foleni, mzee."

Akapanga! Ilipofika zamu yake akalipa bei ya watu wote, akagonga meza kwa vidole. "Kaa na meza yako, mama. Ila msumari huo uliochomoza upigilie, utachana watu nguo."

Naomi alitokea akiwa na udongo kwenye kucha. Palizi ilikuwa imemzuia Mwitongo giza lote. Akaiangalia foleni, akauliza bei, akaguna.

"Basi nipe makopo matatu tu. Nilihesabu bei ya wakati wa giza, dagaa wakiwa rahisi."

"Tulisema matano."

"Nakusamehe mawili, mwanamke! Watu wanakungoja na hela."

"Wangoje."

Shani akapima mbele ya foleni nzima, moja, mbili, mpaka la tano, akalijaza mpaka dagaa wakamwagika. Naomi akamtafuna mmoja, akasikiliza meno yake.

"Hana mchanga," akasema, akafunga dagaa wake kwenye pembe ya kitenge, akaenda kufungua gunia lake la udaga.