Salamu za Shimo la Nne

Mimi ni mtu wa haraka, na sijawahi kuona aibu kulisema. Kazi yangu ni kukatisha tiketi za boti, na ukizubaa pale dirishani abiria watakutukana mpaka ukome. Baba yangu ni kinyume changu kabisa. Mungu aliamua tucheze gofu pamoja.

Uwanja wetu si ule unaouona kwenye televisheni. Ni eneo la nyasi upande wa Simbo, lina mashimo sita, na kuzunguka kila shimo tumefagia mchanga ili mpira uteleze vizuri. Wachezaji tuko sita, jozi tatu. Tunaanza saa moja na nusu asubuhi kila Jumamosi, na ikifika saa tatu uwanja ni wa vijana wa mpira wa miguu. Hayo ndiyo makubaliano, na vijana hawana mzaha. Kwa hiyo mwenyekiti wetu aliweka sheria: jozi ikichelewa kumaliza mara tatu, yule aliyeichelewesha anapumzishwa msimu mzima.

Jozi yetu ilikwishachelewa mara mbili. Mara zote mbili ni baba.

Si kwamba anapiga vibaya. Kwa umri wake anapiga mpira ulionyooka kuliko wangu. Tatizo ni njia inayokatiza karibu na shimo la nne, wanayopita akina mama kutoka Simbo wakienda sokoni na mihogo na galoni za mawese. Baba amelelewa Kiha. Kwake salamu si kuinua mkono ukaendelea na safari. Anaweka fimbo chini, anainama kidogo, anapiga makofi taratibu, "Mwakeye!", kisha anauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za yule mgonjwa wa wiki iliyopita. Wakiwa akina mama watano, kila mmoja ana zamu yake. Na mimi nimesimama pale naangalia saa, nyuma yetu mwenyekiti anakohoa kwa makusudi.

Ningeweza kusema basi, apumzishwe, atacheza mwakani. Lakini tangu mama afariki, nyumba yetu ya Katubuka imekuwa kimya mno, na Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo baba anaamka kabla yangu. Ananyoa ndevu. Anapiga pasi suruali yake mwenyewe. Siku nyingine zote anakaa kitini mpaka nirudi kazini. Niliogopa sana kumwona akikaa kitini Jumamosi pia.

Basi nikapata akili, au nilidhani nimepata. Jumamosi iliyofuata, baba alipokuwa anapimapima shimo la tatu, nilikimbia mpaka njiani nikawakuta wale akina mama wanakuja.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu."

"Nina ombi. Leo msimsalimie mzee. Piteni tu."

Wakatazamana. Mmoja mwenye galoni kichwani akauliza, "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ana haraka."

"Mzee yule? Haraka?"

Niliwasihi mpaka wakakubali, nikarudi mbio najisifu moyoni.

Tulipofika shimo la nne, baba aliwaona. Akaweka fimbo chini, akatayarisha viganja. Wale mama wakapita wameinamisha macho, kimya, mmoja baada ya mwingine. Baba alibaki na mikono yake wazi. Sijui nitaielezaje sura yake. Alisimama hivyo mpaka wa mwisho alipopita, ndipo akaita kwa sauti ndogo, "Jamani, nimewakosea nini?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Walisimama wote, wakatua mizigo, wakarudi uwanjani. "Hujatukosea, mzee wetu! Mwanao katukataza!" Baba akanigeukia, akanitazama. Kisha akaanza upya, na safari hii haikuwa salamu ya kawaida, ilikuwa salamu na kuombana radhi juu yake. Makofi yakapigwa. Pole zikatolewa. Mama wa galoni alitaka kuhakikisha kwa macho yake kwamba mzee si mgonjwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulimaliza shimo la sita saa tatu na dakika ishirini. Vijana wa mpira walikuwa wamekwishavaa jezi, wamekaa wakitukodolea macho.

Mwenyekiti akatufikia kutoka nyuma. "Haya. Nani kachelewesha?"

Baba alifungua mdomo. Nikamwahi. "Mimi. Niliwazuia watu njiani, ndipo yakatokea yote yale."

Haukuwa uongo hata kidogo. Nikapumzishwa mimi, mwenye haraka zangu zote.

Njiani kurudi baba akasema, "Ungewaacha, tungemaliza kwa dakika tano."

"Wewe? Dakika tano?"

"Kumi," akasema, na tukacheka mpaka tukasimama.

Wiki iliyofuata alipangwa na mchezaji mpya aliyeletwa kuziba nafasi yangu, nami nikaenda kumbebea mfuko. Tulipofika shimo la nne akina mama wakatokea, baba akaweka fimbo chini kama kawaida yake. Safari hii sikuangalia saa. Nilitangulia kwenye nyasi nikautafuta mpira wake, nikausimamia, nikapima kwa hatua umbali uliobaki, nikachomoa fimbo inayofaa. Alipomaliza kumuulizia mgonjwa wa mwisho, hakuwa na kazi nyingine ila kupiga. Ikawa hivyo shimo kwa shimo. Yeye anasalimia, mimi natayarisha.

Tulimaliza saa tatu kasoro dakika saba. Mwenyekiti akaitazama saa yake, akamtazama baba.

"Mzee, leo umekimbia!"

"Sijakimbia," baba akasema. "Leo nina mtu."

Nikainama kufunga zipu ya mfuko, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka aone.