Mkono wa Kulia wa Mfaume

Mfaume wa Mzenga alikuwa mchonga vinu, na kama hujawahi kutwanga kisamvu kwenye kinu chake, basi hujui kinu ni nini. Akishika tezo ya kuchongea mkono wa kulia, gogo la mkorosho linamtii. Wanawake walitoka hadi Mlandizi kuja kuagiza.

Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamia kijiji cha ujamaa, alikuwa anashusha kinu chake mwenyewe kwenye lori, mguu ukateleza, akaangukia kiwiko. Kinu kikabaki kizima. Ajali haina kinga, kwa hilo sina wa kumlaumu. Yaliyofuata ndiyo yanayonipandisha hasira mpaka leo.

Akapelekwa kwa Mzee Mwinyimadi, fundi wa mifupa. Msimcheke Mwinyimadi, wako wengi wanaotembea kwa sababu yake. Utaratibu wake ulikuwa huu: anamfunga mgonjwa kwa mabanzi ya mianzi, kisha anavunja mguu wa kifaranga na kuufunga vivyo hivyo. Kifaranga akitembea, mgonjwa anafunguliwa. Mfaume akafungwa mkono ukiwa umenyooka kama mchi. Wiki ya tatu kicheche akambeba kifaranga. Mzee akavunja mguu wa mwingine, siku zikaanza kuhesabiwa upya. Huyo naye akaenda na mwewe. Jamani! Mtu mzima na akili zake anakaa kumngoja kuku wa tatu! Na hakuna aliyethubutu kusema tufungue, maana mkono ukifunguliwa kuku hajatembea, walisema, mfupa utaoza. Siku ya kufungua ilipofika, miezi mitano ilikuwa imepita. Kuku alikuwa anakimbizana na wenzake uani. Mkono wa Mfaume haukukunjika hata kidogo.

Hebu jaribu wewe. Nyoosha mkono wa kulia, usikunje kiwiko, halafu peleka tonge mdomoni. Umeona? Tezo akaiweka kando, hilo alilimeza kwa machungu yake. Lakini kula! Muungwana hali kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Akawa anakula chumbani, mlango umefungwa, kijiko kwenye mkono wa kushoto, na mchuzi unamdondokea kifuani. Mkewe Biasha alijaribu kumlisha siku moja, akafokewa: "Mimi mtoto wako?" Jirani akimwita karibu chakula, anajibu ameshiba. Alikonda mpaka kanzu ikawa si yake.

Sasa Zubeda, binti yake, akaposwa na kijana wa Janga. Siku ya harusi baba wa binti hukaa na mkwe mwenzake kwenye sinia moja, wale pamoja mbele ya wanaume wote. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mfaume hakulala vizuri tangu siku ile.

Ndipo jirani yake Salehe, aliyewahi kulazwa hospitali ya Tumbi kwa kifua, akamwambia: "Nenda ukapigwe eksirei. Mimi nilipigwa mwanga ule, kifua kikafunguka." Salehe hakusema uongo, ndivyo alivyoelewa. Sindano alizochomwa siku ishirini alishazisahau, mwanga ndio aliokumbuka. Mfaume akadandia lori la korosho hadi Mlandizi, akapanda basi, akafika hospitali na matumaini yake yote.

Mpiga picha alikuwa kijana wa bara, jina lake Anselmi. Akamwamkia vizuri: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Utaniumiza?"

"Hata kidogo. Vua shati. Na hiyo hirizi juu ya kiwiko, ivue nayo, isije ikaonekana kwenye picha."

Mfaume akasita, kisha akaivua. Akakalishwa pembeni ya meza ndefu, mkono ukalazwa juu ya sahani bapa nyeusi iliyokuwa baridi. Juu yake mtambo mkubwa, na taa iliyomulika kiwiko.

"Nyoosha, kiganja juu. Hapo hapo! Tulia kama maji mtungini." Anselmi akaenda nyuma ya ukuta. Mtambo ukanguruma kidogo, ukanyamaza. Akarudi anatabasamu. "Safi sana, mzee. Sasa ya ubavuni. Kunja kiwiko, kama mtu anayepeleka tonge mdomoni."

Mfaume akamtazama. Angemtukana, lakini kijana hakuwa na kosa.

"Nikunje?"

"Ndiyo, kidogo tu."

"Mwanangu, ningeweza kukunja ningekuja hapa kufanya nini?"

Anselmi akajaribu kumsaidia kwa upole, akaona mkono haukubali, akaulaza ubavu vile vile ulivyonyooka na kupiga picha ya pili. "Tayari, mzee. Vaa shati."

Mfaume hakuvaa. Alifumba macho, akasema bismillahi, akavuta kiganja kuelekea usoni kwa nguvu zake zote. Jasho likamtoka. Kiwiko kikabaki vile vile.

"Mbona bado?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bado nini?"

"Mwanga si umeshanipiga?"

Anselmi akaelewa, maskini, akakosa pa kuweka macho. "Mzee wangu, hii ni picha tu. Inaonyesha, haitibu. Mwenye dawa ni daktari."

Daktari, mama mmoja aitwaye Margareth, aliinua ile picha dirishani. Mfaume akaiona mifupa yake mwenyewe, myeupe ndani ya giza. "Hapa palivunjika, baba," akasema akionyesha kwa kidole. "Na hapa mfupa mpya umeota ukajaza kiungo. Ilikuwa mifupa mitatu inakutana, sasa imekuwa kama mmoja. Ulifungwa muda mrefu mno. Ungekuja wiki ile ile, tungeufunga umekunjwa, na tungekufungua mapema uuchezeshe."

"Na sasa?"

Daktari akaishusha picha. "Siwezi kukudanganya. Utabaki hivyo."

Hujafa hujaumbika, wahenga walisema. Lakini ukiambiwa wewe, inauma vingine. Alirudi Mzenga, na Biasha alipomwona uso hakumwuliza.

Harusi ilikuwa Alhamisi. Sinia la pilau likawekwa katikati ya mkeka, na Mzee Kondo, baba wa bwana harusi, akamkaribisha Mfaume.

"Leo nimefunga sunna," Mfaume akasema. Njaa ilikuwa inamkata, tangu jana hajaweka kitu tumboni.

"Mashaallah!" Kondo akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Nimepata mkwe mcha Mungu. Na dua ya aliyefunga hairudi. Basi tuombee wewe, mkwe mwenzangu."

Loo, angekataaje? Mikono ya wanaume wote ikainuka. Wa kushoto wa Mfaume ukaja kifuani. Wa kulia ukanyooka mbele, kiganja wazi juu ya pilau, kama wa ombaomba barazani. Aliomba dua fupi. Waliposema amina wote wakapangusa nyuso kwa viganja viwili. Yeye akapangusa kwa kimoja.

Kondo akautazama ule mkono, kisha akamtazama mwenye nao. Akafinyanga tonge, akalipuliza lipoe, akalileta karibu na mdomo wa Mfaume. "Swaumu ya sunna mgeni akikuomba unaruhusiwa kuifungua," akasema polepole. "Mimi nakuomba."

"Sikufunga, Kondo," Mfaume akasema, machozi yanashuka ndevuni. "Nina njaa."

Akafungua kinywa. Wanaume wote wakainamia masinia yao. Alitafuna bila kusikia ladha, akameza, na Kondo akaanza kufinyanga la pili.