Mishale ya Marehemu Baba

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na uzee huu unaonisahaulisha hata nilipoweka miwani haujaweza kuninyang'anya. Baba yetu, tuliyemwita Taata, alikuwa amefariki, tumemzika kwenye kibanja, shamba letu la migomba, hapa Ndama, na ukoo umemkabidhi kaka yangu Deusi vitu vya mrithi: kigoda, mkuki, upinde na mishale. Deusi alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyempenda baba kuliko sisi sote. Mimi nilikuwa binti mdogo, kila aendako nipo nyuma yake.

Mwaka ule nguruwe pori walituandama. Siku hizi ukitaka kuwinda lazima uombe kibali kwa watu wa wanyamapori, na ni vizuri. Wakati huo kila mtu alilinda shamba lake. Migomba yetu ilikuwa imenyauka kwa ugonjwa, tumebaki na mihogo na karanga tu za kutufikisha mavuno mengine. Mama alikuwa mjane mwenye watoto wa kulisha, na nguruwe hajui mjane.

Upinde wa baba ulimshinda Deusi kuuvuta, maana baba alikuwa na mikono ya kupasua magogo. Basi baba yetu mdogo, Anakleti, akamchongea upinde mwingine, laini, wa kumfaa. Ila mishale Deusi alikataa katakata isiguswe. Aliifuta kwa kitambaa mmoja mmoja, na mtu akiisogelea ananuna.

Baba mdogo akamwambia ajaribu kwenye mgomba uliokatwa. Mshale ukaenda kushoto, ukachoma mgomba kiupandeupande, mkia umeelekea kulia.

"Umeona?" baba mdogo akasema. "Mti wa mshale huu ni mgumu mno kwa upinde wako. Mshale ukitoka lazima ujikunje kidogo, uupite upinde, ndipo unyooke. Upinde wa marehemu ulikuwa na nguvu za kuukunja, wako hauna. Tuukwangue uwe mwembamba, na mbele tuweke chuma kizito zaidi. Kizito kidogo tu, kikizidi utainama chini kabla haujafika."

"Baba mdogo, naomba unisamehe," Deusi akajibu. "Kazi ya mkono wa Taata siwezi kuikwangua. Nitazoea."

Nitazoea! Neno hilo, mwanangu, lina makaburi yake. Baba mdogo akamwonea huruma kwa ajili ya msiba, akaiacha mishale ilivyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Jioni hiyo nguruwe dume akaingia kwenye mihogo. Mama alikuwa upande wa pili anapiga debe kumfukuza. Deusi akavuta, akaachia, na mshale ukaenda kulekule kushoto, ukamkwaruza nguruwe sikio. Nguruwe akageuka kwa hasira, akamwendea mama mbio. Mama akajitupa kwenye mtaro, nguruwe akampita, lakini mguu ukavunjika. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakusikia Deusi, likavunjika guu la mama.

Tulimsukuma kwa baiskeli mpaka hospitali ya Nyakahanga. Aliporudi na mguu wake wa plasta, Deusi alikuwa hali wala hasemi. Nilikuwa nikimwekea ugali naukuta umepoa. Niliogopa kwamba baada ya baba tutampoteza na yeye.

Mama akaniagiza nilete mishale na kisu. Akaketi mkekani, akamwita kaka.

"Deusi, yule alikuwa mume wangu kabla hajawa baba yako. Mishale hii aliirithi kwa babu yako. Babu alikuwa mtu mfupi, alivuta upinde mdogo. Miti yake ilikuwa myembamba kwa nguvu za baba yako, ikawa inapepesuka. Ndipo baba yako akaing'oa vyuma, akaichongea yote miti mipya, huku analia kama wewe. Nilikuwepo. Alitaka tule."

Akakwangua mara moja, ganda jembamba la mti likamwangukia kwenye kanga. Kisha akampa Deusi kisu. Deusi akapokea, akakwangua, machozi yanadondokea mikononi, na mimi nikalia naye. Baba mdogo akafunga chuma kizito kidogo, akaulaza mshale juu ya kidole kuona unavyoegemea mbele, akakwangua tena, akapima tena. Walipoupiga kwenye mgomba ukaingia umenyooka. Mihogo iliyobaki tuliila wenyewe.

Mwanangu, ukiachiwa kitu na wazazi, kiwe shamba, kazi au desturi, kijaribu kwanza kwa mkono wako ulio nao. Kikikataa, mwulize anayejua, kisha kirekebishe kidogo kidogo, bila haraka na bila aibu. Mzazi hakuvichonga vitu vyake ili uvifute vumbi ukilala njaa. Mimi wanangu nimekwisha kuwaambia: nikiondoka, nyumba hii ikiwabana, vunjeni ukuta.

Mungu akupe mkono wa kupokea na moyo wa kurekebisha. Na siku watoto wako watakapokwangua ulichowachongea wewe, akujalie uwe hai, uketi nao, mle pamoja.