Nafasi ya Fundi Saa

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Mvua inanyesha na mtaa mzima umelowa. Mama Filimbi, mlinzi wa maegesho, amesimama mbele ya nafasi yenye alama ya kiti cha magurudumu. Nafasi ni tupu, lakini lami yake ni kavu. Ukavu huo una umbo na ukubwa wa gari.

"Umeona?" anamnong'oneza mwandishi wa makala haya. "Mimi nishazoea. Namwomba Mungu tu, nasonga mbele."

Ana miaka hamsini na miwili. Kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kazini hapa katikati ya mji, filimbi shingoni. Nafasi hii ndiyo pekee mtaani kwa madereva wenye ulemavu, na miaka yote hiyo aliitumia fundi saa mmoja asiyeweza kutembea. Gari lake la kijani lilifika saa moja na dakika kumi, likapiga honi mara mbili.

"Dada, saa yako inachelewa!" fundi alimtania kila siku.

"Wewe ndiye unayewahi, kaka!"

Fundi alifariki miezi mitano iliyopita. Gari likauzwa kama chuma chakavu.

Kuanzia hapo, daftari analotia alama kila gari linapoegeshwa kwenye nafasi hiyo halikupata alama hata moja. Ofisi ya maegesho ikatoa amri: isipotumika hadi Ijumaa, inafutwa, panakuwa pa teksi.

"Wenzangu wakaniambia, 'Wewe naye! Jaza tu, nani atajua?' Nikasali. Mkono ukakataa kuandika uongo."

Alhamisi, mwanamke kijana alisimamisha gari katikati ya barabara, huku madereva wa nyuma wakifoka. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kimekunjwa pembeni yake.

"Shikamoo, mama. Hivi lile gari la kijani haliondoki?"

"Marahaba. Gari gani, mwanangu?"

"Si hilo hapo! Wiki tatu nazunguka, kila nikija lipo. Bosi kanionya, nikichelewa tena kazi sina."

Mama Filimbi akatazama. Hapakuwa na kitu. Akafumba macho, akaomba, kisha akaiambia lami kwa sauti yake ya kila siku: "Kaka, mpishe mwenzio. Ana haraka."

Honi ikalia mara mbili, karibu kabisa. Yule dada akageuza shingo taratibu, kama anayesindikiza gari kwa macho.

"Kanipungia mkono," akasema. "Mzee mpole."

Akaegesha. Daftari likapata alama yake ya kwanza, ya kweli. Nafasi haikufutwa.

Sasa Mama Filimbi anaiandikia ofisi barua. Anaomba nafasi ya pili, ubavuni mwa hii. "Binti asiwe anasubiri," anasema, kisha anaonyesha lami kavu. "Na huyu naye abaki na pake."

Saa moja na nusu, gari la yule dada linakata kona. Mama Filimbi anatazama saa ya mkononi, kisha ile lami kavu.

"Kaka," anasema, "leo wewe ndiye unayechelewa kuondoka."

Honi inalia mara mbili. Tone la kwanza la mvua linatua kwenye lami ile kavu.