Zamu ya Mama Jirani

Jumapili ile makanisa ya dunia nzima yalishiriki meza moja, na katika usharika wetu wa mlimani, huku juu ya Same, mimi ndiye niliyepangiwa kuombea amani ya mataifa. Niliomba vizuri, tena sana. Nilizitaja nchi zenye vita moja moja, nikawasihi wakubwa wapatane, mpaka kina mama wakapangusa machozi.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kengele ya kwanza, nilikuwa nimeiba maji. Kwetu tunamwagilia kwa zamu kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, na zamu ilikuwa ya jirani yangu, mama mjane. Nilijua angewahi kanisani, hivyo nikayageuzia maji kwenye maharage yangu. Mjinga mimi, hata miguu sikunawa sawasawa.

Tulipopiga magoti kupokea, yeye ndiye aliyekuwa kando yangu. Akaliona pindo la suruali yangu. Kiangazi kile, tope bichi lilikuwa na maana moja tu. Nikala mkate hivyo hivyo, nikanywa na kikombe, maana kuinuka mbele za watu kulinitisha kuliko Mungu mwenyewe.

Nje nikamwamkia bila kumtazama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakupandisha sauti. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Wahi ukayafunge. Maharage yakizidiwa maji yanaoza."